Malkia Asiye na Kazi

Wapenzi wengi wa sataranji hukusanya michezo ya maangamizi. Malkia anatolewa sadaka, farasi anatumbukia katikati ya adui, mfalme anaburutwa kutoka kwake hadi upande wa pili wa ubao na kumalizwa huko mbele ya kadamnasi. Michezo hiyo ni mitamu na haichoshi kusimulia. Mchezo ninaoupenda mimi una kasoro kubwa kwa msimulizi: kuanzia hatua ya 25 hadi ya 58 hakuna kete hata moja inayoliwa. Mtu anayepita kando ya meza angedhani wachezaji wamesahau walichokuja kufanya.

Ulichezwa Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, katika mashindano yaliyoanza mwisho wa mwaka 1930 na kumalizika Januari 1931. Kete nyeupe zilikuwa za Sultan Khan wa Punjab, nyeusi za José Raúl Capablanca wa Kuba. Kwa sifa walizoingia nazo ukumbini, hawa hawakuwa watu wa kulinganishwa.

Capablanca alizaliwa Havana mwaka 1888, na inasimuliwa kwamba aliujua mchezo huu akiwa na miaka minne kwa kumwangalia tu baba yake akicheza. Alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Kabla ya hapo, na hata ndani ya ubingwa wake, alipitisha miaka minane, tangu 1916 hadi 1924, bila kupoteza mchezo hata mmoja wa mashindano, mpaka Richard Réti alipomfunga New York. Ni kweli Alekhine alikuwa ameshamvua taji kule Buenos Aires, lakini hakuna aliyekwenda Hastings akidhani mzee amekwisha. Hasa mwisho wa mchezo, kete zinapopungua na ubao unapobaki mweupe, aliogopwa kuliko yeyote. Huko ndiko alikokuwa akiwapeleka watu polepole, na wakifika hawarudi.

Sultan Khan naye alifundishwa na baba yake, ila alifundishwa sataranji ya Kihindi, ambayo kanuni zake zilitofautiana na za Ulaya katika mambo yenye uzito. Askari hakuruhusiwa kuruka miraba miwili anapoanza safari, alikwenda mmoja tu. Mfalme hakuwa na ile desturi ya kujificha kando na kubadilishana nafasi na ngome. Alichopewa ni kuruka mara moja kama farasi, basi. Askari aliyefika mwisho wa ubao hakugeuka malkia kwa kutaka kwake. Mchezo wa namna hiyo huanza taratibu sana. Majeshi yanapangwa kwa muda mrefu kabla ya kugusana, na anayejua kupanga ndiye anayekula. Kanuni za Ulaya Sultan Khan alizijua akiwa mtu mzima. Mwaka 1928 akawa bingwa wa India nzima, na mwaka uliofuata Sir Umar Hayat Khan, mwenye ardhi na mwanasiasa wa Punjab ambaye Sultan Khan alikuwa katika nyumba yake, akamchukua hadi London. Mwaka huohuo wa 1929, kule Ramsgate, mgeni huyu akawa bingwa wa Uingereza.

Waandishi wakapata hadithi yao: mtu wa mashariki asiyejua nadharia, aliyeteremka kutoka hewani na kuwashangaza Wazungu. Hadithi hiyo haijafa hadi leo, na mimi siipendi. Ukishamwita mtu muujiza, umemwondolea ufundi wake. Hakuna tena haja ya kuangalia mikono yake ilifanya nini. Afadhali tuiangalie.

Kwa asiyezoea: safu nane za ubao hupewa herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na mistari hupewa namba 1 hadi 8 kuanzia upande wake.

Capablanca alijibu kwa ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kihindi wa Malkia, jambo ambalo nadhani lilimchekesha mtu mmoja au wawili ukumbini. Hatua ya 5 Sultan Khan akasogeza askari wa a mraba mmoja tu, hadi a3. Ukiitazama haraka utasema ni hatua ya mtu asiye na la kufanya. Kazi yake ni kumzuia askofu mweusi asije b4 kumsumbua farasi. Miaka mingi baadaye mpango huo ulipewa jina la Tigran Petrosian, bingwa wa dunia wa miaka ya 1960, ambaye naye alisifiwa kwa kuzuia matatizo kabla hayajazaliwa. Mtu "asiyejua nadharia" alikuwa ameshakaa hapo kabla ya nadharia kufika.

Hatua ya 12 farasi wa Sultan Khan akaenda b5, askofu wa Capablanca akaja d6, na hatua iliyofuata farasi akamla hapo. Capablanca akalipiza kwa askari wa safu ya c. Hesabu ikabaki sawa, kete kwa kete, lakini yapo yaliyobadilika kimyakimya. Sultan Khan sasa ana maaskofu wawili. Capablanca ana askari wawili waliopandana katika safu moja, d5 na d6, na yule wa d6 hana askari mwenzake wa kumlinda. Kumbuka jina la huyo askari wa d6. Mchezo wote uliobaki unamzunguka.

Kisha Sultan Khan akafanya jambo ambalo mwalimu yeyote wa klabu angelikemea. Mfalme wake bado yuko katikati, hajafichwa, naye anawatuma askari wa kulia mbele: h4, halafu g4, halafu g5. Mfalme huyo hakufichwa hadi mchezo ukaisha. Sitaki kudai kwamba ni kwa sababu alilelewa katika sataranji isiyo na maficho hayo, kwani huko Uingereza alikuwa akiwaficha wafalme wake kama watu wengine mara nyingi tu. Ila ni wazi kwamba mfalme aliyesimama katikati hakumtia hofu aliyowatia watu waliofundishwa vingine.

Capablanca aliona mfalme huyo na akaona nafasi. Ngome zake mbili zilikuwa zimepangwa katika safu ya c, moja nyuma ya nyingine. Hatua ya 21 Sultan Khan alimweka askofu g4, akiitishia ngome ya nyuma. Badala ya kuiondoa, Capablanca akaipiga ngome ya mbele hadi c1, cheki. Mfalme akapanda d2. Ngome ya pili ikaja c2, cheki tena. Malkia mweupe akaila, ngome ya c1 ikamla malkia, mfalme akaila ngome. Malkia mweusi akatokea c7, cheki, mfalme akarudi d2, na malkia akatua c4, katikati kabisa ya nyumba ya watu.

Vumbi likatulia. Capablanca ametoa ngome mbili na kupata malkia. Kwa mahesabu ya darasani, ngome mbili ni zaidi kidogo ya malkia. Mezani, mara nyingi malkia ndiye anayetesa, kwa sababu anakwenda kila upande: leo anatishia askari huku, kesho anampigia mfalme cheki kule, na katikati ya vitisho viwili anaokota kitu. Ngome haziwezi hivyo. Ngome zinahitaji njia iliyo wazi, mlango wa kuingilia na muda. Ningekuwa upande wa nyeusi, na mfalme wa mwenzangu amesimama d2 bila paa, ningejiona nimeukata.

Ila malkia anaishi kwa vitu vya kushambulia. Mpe askari aliyeachwa peke yake, kete isiyolindwa, mfalme aliye uchi, atafanya maajabu. Mnyime hivyo vyote na atabaki akizunguka. Sultan Khan alikaa hapo na kuanza kuviondoa kimoja kimoja.

Hatua ya 26 askofu alirudi e2, malkia akaenda b3 kumnyemelea askari wa b2. Ngome ikahamia b1 kumlinda. Hatua nyonge, ya mlinzi wa geti. Ngome nyingine ikaja c1, kisha ikapanda c3 na kumfukuza malkia hadi a4. Askari wa b2 akapanda b4, na malkia akarudi d7 kuulinda mlango wa c7. Kuanzia hapo upande wa kushoto haukuwa na kitu cha kuokota. Katikati nako kumefungwa, na waliokufunga ni askari wa Capablanca mwenyewe: wale wa d5 na e4 wamesimama kama ukuta kati ya malkia wao na mfalme wa adui. Askofu mweusi aliye b7 anatazama mgongo wa askari wa d5 tangu asubuhi. Mfalme mweupe ambaye hakujificha amefichwa na jeshi la mwenzake.

Na farasi? Hapa ndipo mimi husimama muda mrefu zaidi. Hatua ya 20, askari wa g5 alipomtishia, farasi mweusi alirudi e8. Akabaki e8 mpaka hatua ya 63. Kete inayosifiwa kwa kuruka vichwa vya wenzake ilisimama mahali pamoja kwa zaidi ya hatua arobaini, kwa sababu kutoka f4 askofu mweupe alikuwa anamtazama askari wa d6, na farasi alikuwa miongoni mwa walinzi wake wachache. Aondoke, askari analiwa. Askofu mmoja, bila kula mtu, bila kusogea, alikuwa amemfunga farasi kamba. Hata alipohama hapo kwa muda kwenda g3 na h4, alirudi f4 baada ya hatua chache, na farasi hakuwa ameipata nafasi.

Wacheza drafti wa vijiweni wanalijua jambo hili kuliko wasomaji wa vitabu vya sataranji. Yupo yule mzee ambaye hali kete zako. Anazifungia njia mpaka wewe mwenyewe uchague ya kumpa, huku watazamaji wanakucheka wewe na siyo yeye aliyekufunga.

Kuanzia hatua ya 35, malkia wa bingwa wa zamani wa dunia alienda hivi: h3, h4, h3, h4, h3, h4, h3. Hatua saba, miraba miwili. Kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni inakwenda na kurudi kando kabisa, na anayeisogeza ni mtu ambaye katika sanaa hii hakuwa na wengi wa kumfananisha naye. Nadhani Capablanca aliamini kwamba kwake hakuvunjiki: mlango wa c7 unalindwa na farasi na mfalme, c6 inalindwa na askofu wa b7, basi mwache huyu bwana azunguke mpaka achoke, tugawane sare.

Katika hatua hizo saba, tazama nyeupe zilifanya nini. Ngome ikaja c2 nyuma ya mwenzake. Mfalme akaenda c1, kisha b2. Ngome ikarudi c1, nyingine ikashuka c2. Askari wa a akapanda a4. Mfalme akaenda a3. Hakuna hatua hapo inayotisha. Zisome kwa pamoja, utaona kwamba mfalme ameondolewa mahali ambapo cheki za malkia zingemfika, na ametua pale ambapo anawasindikiza askari wa a na b. Kwa maneno mengine, malkia mweusi alikuwa anapoteza muda na mfalme mweupe alikuwa anahama nyumba.

Baada ya hapo vikafungwa vilivyobaki wazi. Hatua ya 44 askari wa h alifika h6, na upande wa kulia ukagandamana, askari kwa askari. Hatua ya 45 askari wa b akaenda b5. Capablanca akajibu a5, na kwa hilo askari wake wa b6 akawa yatima, hana jirani wa kumlinda, na c6 ikawa kiti kilichoandaliwa. Kimelindwa na askari wa b5, kinamngoja mtu wa kukikalia. Kinachozuia ni askofu wa b7 peke yake.

Sasa mtu mwenye haraka angeshambulia. Sultan Khan akasogeza mfalme: b2, b1, a1, b2. Malkia mweusi akajibu: g2, h3, g2, h3. Wachambuzi wengine huzipita hatua hizi kwa aibu kidogo, kana kwamba mshindi alipotea njia. Inawezekana alikuwa anatafuta muda wa kufikiri, saa za mashindano hazina huruma. Mimi naziona kama swali lililoulizwa mara nne kwa sauti ileile: wewe utafanya nini? Nafasi ambayo kila hatua ni ya kungoja humchosha anayengoja bila mpango kuliko anayengoja akiwa nao.

Hatua ya 52 ngome ikahamia g1. Mraba wa g2, ambao malkia alikuwa akiutumia kama kibaraza, ukafungwa. Capablanca akaamua kumtoa askofu wake gizani: kutoka b7 hadi c8. Kwa askofu aliyefungiwa mchezo mzima, ilikuwa hatua ya ubinadamu kabisa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa c6, na hatua iliyofuata, bila kuchelewa hata pumzi moja, ngome nyeupe ikakaa c6. Zaidi ya hatua ishirini za kuzunguka, kisha mlango ukafunguliwa mara moja na mgeni tayari yuko sebuleni. Hapo ndipo unapojua kwamba hakuwa amelala.

Mengine yanakwenda upesi. Hatua ya 58 mfalme akapanda c3, akiwa njiani kurudi. Hatua ya 59 askofu akaja g3 kumkabili malkia ana kwa ana, naye akakimbia kwa kumla askari wa g5: kete ya kwanza kuliwa tangu hatua ya 24, na ililiwa na anayeshindwa. Mfalme akateremka d2, mraba uleule aliosimama wakati ngome zilipokuwa zikimpigia cheki. Safu ya c ikafunguka nyuma yake. Ngome ikamla yule yatima wa b6, ikapiga cheki b7, askari wa b akasonga b6, na hatimaye hatua ya 63 farasi wa e8 akaondoka mahali pake, wakati kuondoka hakuna tena faida. Askofu akaja b5, ngome ikapanda b8. Askari wa b alibakiza miraba miwili awe malkia. Ilikuwa hatua ya 65, na Capablanca akasalimu amri.

Mshindi wa mashindano alikuwa Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935, kwa pointi 7. Capablanca alikuwa wa pili kwa 6 na nusu, Sultan Khan wa tatu kwa 6. Kwa hiyo jedwali halikupinduka: mwenye nguvu alibaki juu ya mdogo wake. Nalitaja hili kwa sababu wanaoupenda mchezo huu huacha kulitaja. Sultan Khan akaendelea; mwaka 1931 alimshinda Tartakower, mmoja wa wachezaji wakubwa wa siku hizo, katika pambano la michezo kadhaa, kwa jumla aliiongoza timu ya Uingereza ubao wa kwanza katika Olimpiadi tatu za sataranji, akawa bingwa wa nchi hiyo tena mwaka 1932 na 1933. Kisha Sir Umar akarudi kwao, naye akarudi pamoja naye, na mashindano ya kimataifa yakamkosa tangu hapo. Alifariki mwaka 1966. Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimpa heshima ya cheo cha ugwiji mwaka 2024, miaka zaidi ya tisini tangu mkono wake uiweke ngome b8.

Kama una ubao, panga hivi. Nyeupe: mfalme d2, ngome a1 na h1, maaskofu e2 na f4, askari a3, b2, d4, e3, f2, g5 na h4. Nyeusi: mfalme g8, malkia b3, askofu b7, farasi e8, askari a7, b6, d5, d6, e4, g7 na h7. Zamu ni ya nyeupe. Mpe mwenzako nyeupe, wewe kaa upande wa Capablanca, na umtafutie malkia kazi. Mimi nimejaribu kumtoa farasi mapema na kumwachia mwenzangu askari wa d6, na angalau pale malkia hupata pa kupumua.